Saumu Isiyokuwa ya Mungu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba binadamu akalisawazisha umbo lake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, wanaume kwa wanawake, leo tuna kosa la kukiri kabla ya kutoa nasaha. Lau tungeanza kwa nasaha mngetudhania kwamba sisi tulikuwa mbali na jambo hili, nasi hatukuwa mbali nalo.

Katika darasa letu la wasichana palikuwa na binti mmoja, hatutamtaja jina wala mtaa, aliyekuwa akifunga kila Jumatatu na kila Alhamisi. Hiyo ni sunna ijulikanayo, nasi tulifurahi. Baada ya miezi kadha akaongeza siku, mwisho ikawa ni nadra kumkuta akila mchana. Tukamsifu mbele ya wenzake. Tuliwaambia: mtazameni huyu, umri wake miaka 17, na nafsi yake ameishinda. Mamake naye akafurahi kwa kuwa sisi tumefurahi. Hapana aliyemwona kuwa anakonda, kwa sababu buibui ni vazi pana, na chini yake mtu aweza kupungua sana na watu wasijue. Asubuhi moja akaanguka chooni. Daktari alipompima alikuta moyo wake wapiga polepole mno, nywele zamnyonyoka, na ada yake ya mwezi imekatika tangu muda mrefu. Alipoulizwa kwa upole alisema kwamba hata magharibi alikuwa hali ila vipande vya tango na maji. Na chini ya godoro lake zilikutwa kurasa zilizokatwa katika magazeti ya mitindo na ya mazoezi ya mwili, kila ukurasa una mwanamke mwembamba, na pembeni mwa picha ameandika kwa kalamu ya risasi vipimo vya kiuno chake mwenyewe, wiki baada ya wiki.

Saumu tuliyoisifu haikuwa ya Mungu. Ilikuwa ya karatasi zile.

Tangu siku ile, kila tulikumbukapo jambo hili twaona haya, kwani juu ya magazeti hayo tulikuwa tumewaidhi mara nyingi. Tulisema kwamba picha zake zamharibu mwanamume azitazamaye, zamtia tamaa, zamfanya amdharau mkewe. Hayo ni kweli, wala hatujutii kuyasema. Lakini hatukuuliza hata siku moja picha hizo zamfanyani mwanamke azitazamaye, naye ndiye hasa aliyekusudiwa. Gazeti la mitindo huandikwa ili msichana akae nalo kitandani, alifunue ukurasa kwa ukurasa, kisha asimame mbele ya kioo ajitazame. Sisi tulikuwa tukiwalinda wanaume tu.

Basi yafaa tujue biashara hii yaendaje. Huko New York gazeti la Vogue lilianza mwaka 1892, kwa ajili ya matajiri na mavazi yao. Mwaka 1899, katika mji huo huo, bwana mmoja aitwaye Bernarr Macfadden alianzisha Physical Culture, gazeti la siha. Aliwafundisha watu mazoezi, matembezi, na kujinyima chakula siku nyingi mfululizo, na udhaifu wa mwili akaufanya kuwa kama kosa la kushitakiwa. Baada ya miaka 80 yakaja magazeti ya siha ya wanawake peke yao: Self mwaka 1979 na Shape mwaka 1981. Hilo Shape lilitoka katika nyumba ya Joe Weider, aliyekuwa akichapisha magazeti ya wanaume watunishao misuli, na huku akiuza unga wa kujenga mwili na vyuma vya kunyanyulia. Gazeti na duka vilikuwa vya mtu mmoja.

Msomaji na azingatie hapo. Magazeti ya namna hii hayaishi kwa fedha za mnunuzi peke yake. Huishi kwa matangazo ya mafuta ya uso, ya vidonge vya kupunguza tumbo, ya nguo na ya viatu. Na mwenye tangazo hana faida kwa mwanamke aliyeridhika. Mwanamke aliyeamka akamshukuru Mola wake kwa miguu imbebayo na mikono impikiayo, huyo atanunua nini? Sharti kwanza aonyeshwe kasoro. Basi ukurasa huu huwa na picha ya kumtia unyonge, na ukurasa wa pili huwa na chupa ya kumwondolea unyonge huo. Waganga wa uongo tuwajuao mitaani mwetu hufanya hivi hivi: kwanza humwambia mtu kwamba ana jini, kisha humuuzia hirizi. Mganga huyo tumempiga vita miaka mingi. Huyu mwingine tulimwacha aingie nyumbani kwa kuwa amevaa suti na jina lake ni siha.

Na picha yenyewe si ya kweli. Katika Septemba 2009 gazeti la Self lilimweka juu ya jalada lake mwimbaji wa Kimarekani, Kelly Clarkson. Ndani ya gazeti mwimbaji huyo alieleza kwamba hana ugomvi na mwili wake. Juu ya jalada alionekana mwembamba kuliko alivyokuwa, kwa kuwa picha ilipunguzwa kwa kompyuta. Na mhariri alipoulizwa hakukana, bali alitetea, kwamba kazi ya jalada ni kumwonyesha mtu katika ubora wake. Ikiwa mwanamke aliyepigwa picha hafanani na picha yake, binti wa Majengo au wa Kibokoni atafananaje nayo, hata afunge mwaka mzima?

Wenyewe huko wameanza kushituka. Mwaka 2012 msichana wa Kimarekani wa miaka 14 aliliandikia ombi gazeti la wasichana liitwalo Seventeen, akitaka lichape picha ambazo hazikutengenezwa. Watu zaidi ya 80,000 walilitia sahihi ombi lake, na gazeti likaahidi kwamba halitabadilisha maumbo ya miili ya wasichana wala nyuso zao. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, tangazo lililobadilishwa umbo la mwili wa mwanamitindo sharti liandikwe kwamba picha imetengenezwa, na avunjaye sheria hiyo aweza kutozwa euro 37,500. Na mwanamitindo haajiriwi bila cheti cha daktari. Norwei imefuata njia hiyo tangu Julai 2022. Watu hawa hawakuhimizwa na sheikh yeyote. Waliona jeneza. Mwaka 2006 wanamitindo wawili wa Amerika ya Kusini, Luisel Ramos wa Uruguay na Ana Carolina Reston wa Brazil, walifariki baada ya kujinyima chakula, mmoja ana miaka 22 na wa pili 21. Na yule wa kwanza alianguka muda mfupi tu baada ya kutembea jukwaani.

Atasema msomaji kwamba hao ni wanamitindo, na hiyo ndiyo kazi yao. Basi na asikilize habari za wasomaji. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walichapa uchunguzi juu ya wasichana 548 wa shule katika kitongoji cha watu wafanyao kazi za mikono. Katika kila 100, wasichana 69 walisema picha za magazeti zawatia fikra ya mwili ulio kamili, na 47 walisema zawafanya watake kupungua. Waliokuwa wanene kweli hawakufika theluthi. Na kadiri msichana alivyozidi kusoma magazeti ya mitindo ndivyo alivyozidi kutoridhika na mwili wake.

Atarudi aseme: hao ni Wazungu, sisi watu wa pwani twampenda mwanamke aliyenawiri. Naam. Watu wa Fiji nao walikuwa hivyo hivyo. Katika visiwa vile, kule upande wa Nadroga, mwili ulionenepa ulikuwa ni dalili ya kwamba mtu ana jamaa wamtunzao. Mwaka 1995 televisheni ikawafikia. Daktari Anne Becker na wenzake wa Marekani waliwauliza wasichana wa huko mwaka ule ule, na hapana hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apungue. Walipouliza tena mwaka 1998, wasichana 11 katika kila 100 walisema hufanya hivyo. Miaka mitatu tu! Hapo chombo kilikuwa televisheni wala si gazeti, lakini miili iliyoonyeshwa ni ya namna moja.

Hapa petu nyanya zetu walimpumzisha mwari, wakamsinga kwa singo, wakamlisha vizuri hata apendeze. Sasa twamwona mwari miezi mitatu kabla ya harusi anywa maji ya ndimu na kulala na njaa, ili aingie katika gauni lililoshonwa kwa mfano wa picha. Wazee wetu walikuwa na ubaya wao pia, hatukatai. Yule aliyekuwa mwembamba kwa maumbile aliteswa kwa vijembe. Lakini angalau bibi arusi hakuzirai kwa njaa.

Tusiseme yasiyokuwa ya haki. Maradhi haya ya kujinyima chakula hayakuzaliwa na magazeti haya. Mwaka 1873 tabibu William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliyaeleza, kila mmoja kwa njia yake, kabla Vogue halijakuwako. Madaktari wasema sababu zake ni nyingi: nyingine za kurithi, nyingine za wasiwasi na huzuni za moyoni. Si kila msichana aliyefunua gazeti atakayeugua. Lakini katika maradhi ya akili haya ni miongoni mwa yale yauayo zaidi, na mtu mwenye busara haweki taa karibu na petroli kwa hoja kwamba taa haikuumba petroli.

Wala msidhani kwamba mambo yamekwisha kwa kuwa karatasi zinapungua. Gazeti la Self liliacha kuchapwa mwaka 2017, na vijana wengi hawanunui tena gazeti lolote. Picha zimehamia katika simu, na huko hazina ukurasa wa mwisho. Mwezi wa Septemba 2021 zilifichuliwa karatasi za ndani za kampuni ya Facebook, zikaonyesha kwamba katika wasichana waliokuwa wakijihisi vibaya juu ya miili yao, 32 katika kila 100 walisema Instagram imewazidishia. Kampuni ilikuwa ikiyajua hayo.

Kuna ndugu waliotushauri tuwaletee mabinti magazeti ya mitindo ya Kiislamu, yenye wanawake waliojifunika. Nia yao njema. Lakini tumeyatazama, na tumeona kwamba aghalabu kitambaa kimeongezwa na mwili ni ule ule. Halima Aden, binti wa Kisomali aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma hapa Kenya, alikuwa wa kwanza kuonekana amevaa hijabu juu ya jalada la Vogue ya Uingereza, katika toleo la Mei 2018. Mnamo Novemba 2020 alitangaza kwamba ameiacha kazi ya majukwaani kwa kuwa imemfanya akiuke dini yake. Sisi twamwombea kheri. Aliyekuwa ndani ya nyumba na akatoka, maneno yake yana uzito kuliko yetu tuliokuwa nje.

Sasa tuje katika dini yetu, tuone imesema nini juu ya mwili wa mwanamke; kwani twaogopa wengi wetu twaijua nusu moja tu.

Bibi Aisha, Mama wa Waumini, asimulia kwamba mamake alitaka anenepe kabla ya kupelekwa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), akajaribu hiki na kile, hata alipomlisha matango pamoja na tende mbivu akanawiri vizuri. Asimulia pia kwamba katika safari moja alishindana mbio na Mtume, naye alikuwa mwepesi, akamshinda. Baada ya muda akawa amejaa mwili, wakashindana tena, na mara hii Mtume akamshinda, akacheka, akamwambia kwamba hii ni kwa ile. Tulizingatie jambo hili vyema, enyi waume. Mke amenenepa, mume ameona, na neno lililomtoka ni la mchezo na mapenzi. Hakumwambia apungue. Hakumtajia mwanamke mwingine.

Na kinyume chake kimesimuliwa pia. Siku moja Bibi Aisha alitaja ufupi wa Bibi Safiyya mbele ya Mtume, na Mtume akamwambia kwamba amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyaharibu. Neno moja juu ya kimo cha mtu! Na Abdullah bin Masud alipopanda mti, upepo ukaufunua muundi wake, masahaba wakacheka kwa wembamba wa miguu yake. Mtume akawaambia kwamba miguu hiyo katika mizani ni mizito kuliko jabali la Uhud. Basi aliyemcheka mfupi amekemewa, na aliyemcheka mwembamba amekemewa. Nayo Sura ya Hujurat yakataza watu kufanyiana masihara, kisha yawataja wanawake peke yao juu ya wanawake wenzao. Nasi twaona kutajwa huko kuna hikima.

Tujiulize, majumbani mwetu twasemaje? Shangazi aingia, hata salamu haijakwisha, amwambia binti wa miaka 12 kwamba amekuwa kama pipa. Kaka amcheka dada mezani. Mume akaa na simu yake, atoa sauti ya kupendezwa, kisha amtazama mkewe aliyemzalia watoto wanne. Binti huyo anapokwenda chumbani na kulifunua gazeti, gazeti halimwambii jambo geni. Lamthibitishia lile alilokwisha kulisikia kwa watu wake mwenyewe. Twasema bila ya shaka yoyote kwamba karatasi zile hazingepata nguvu ile juu ya binti wa darasa letu lau sisi, na jamaa zake, na wenzake, tungekuwa na ndimi safi.

Hatukatazi mazoezi. Muumini mwenye nguvu ni bora, na Mtume ndiye aliyekimbia mbio pamoja na mkewe. Hatukatazi kula kwa kiasi; tumefundishwa theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji, theluthi kwa pumzi, na sukari na shinikizo la damu vyatumaliza kwa kuwa hatuyafuati hayo. Mwanamke aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, na apunguze, naye ana thawabu ya kuutunza mwili wake, kwani mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Tofauti ni nia, na nia ndiyo mizani ya amali zote. Huyu autunza mwili wake. Yule auchukia.

Juu ya saumu twasema wazi, kwani hapa ndipo tulipoteleza. Ajizuiaye na chakula ili afanane na picha, hiyo si saumu hata akinuia kwa ulimi, na kuiita sunna ni kuidhulumu sunna. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua katika Sura ya Baqara, na ugonjwa huu ni ugonjwa. Ikiwa tabibu mwaminifu amesema kwamba kufunga kutamdhuru, hata mwezi wa Ramadhani, basi ale, wala asilaumiwe, wala asiambiwe kwamba imani yake dhaifu. Ale kwa utulivu, na jamaa zake wamsitiri. Nanyi akina mama, msitosheke na kuambiwa, "Nimefunga, mama." Tazameni wakati wa kufuturu ala nini. Tazameni kama aenda chooni mara tu baada ya kula, kama aona baridi wakati wa joto, kama nywele zajaa katika kitana, kama ada yake imekatika. Mkiona hayo mpelekeni kwa daktari kabla ya kumpeleka kwa mtu wa kumsomea.

Binti yetu sasa ni mwezi wa tisa tangu aanze matibabu. Ramadhani iliyopita hakufunga, kwa amri ya daktari, na mamake alikuwa akijifungia naye chumbani adhuhuri, akikaa naye huku mwenyewe amefunga, mpaka sahani imalizike. Siku nyingine ilichukua saa nzima. Siku nyingine walilia wote wawili. Amerudi darasani, naye ndiye aliyetupa idhini ya kuyaandika haya, kwa sharti kwamba tuandike pia kuwa tulimsifu.

Kila Jumamosi baada ya alasiri, katika darasa la akina mama, muuguzi mmoja wa hospitali atakuja kuzungumza juu ya mambo haya na kuulizwa maswali, na wanaume hawataruhusiwa kuingia. Wanaume watakuwa na darasa lao siku ya Jumapili baada ya magharibi, juu ya ile hadithi ya Bibi Safiyya.

Wa billahi tawfiq.